Mzigo Umekwama Wapi? Dalili, chanzo na tiba unapomtegemea mtu wa tatu kusafirisha

Ijumaa saa kumi jioni ndiyo saa ya simu hizi. "Mwanangu, meli imefika tangu Jumanne, mbona kimya?" Mama anauza vyombo vya jikoni Kariakoo. Amenunua Yiwu, amelipa kila alichoambiwa alipe, na sasa ameshika karatasi yenye namba ambayo tovuti ya kampuni ya meli haiitambui. Kabla sijagusa kompyuta namuuliza: "Mama, hapo juu kabisa pa hiyo karatasi pameandikwa jina la kampuni gani?"

Jibu la swali hilo humaliza nusu ya kazi.

Kampuni za aina yetu huitwa mhusika wa tatu. Wa kwanza ni mwenye mzigo. Wa pili ni mwenye chombo, yaani meli, ndege, lori au behewa. Wa tatu ni sisi, tusio na mzigo na mara nyingi tusio na hata chombo: tunakusanya, tunatafuta nafasi melini, tunagomboa, tunatunza ghalani, tunasambaza. Mzigo wa kutoka Guangzhou hadi Mtaa wa Kongo hupita mikono minane hivi, na matatizo mengi ninayoyaona yalizaliwa pale mkono mmoja ulipoukabidhi kwa mwingine. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini nitauliza lile lile: saa hii mzigo uko kwa nani, na karatasi gani inasema hivyo?

"Namba niliyopewa haionekani popote"

Anza hapa, maana ndiyo rahisi. Kuna hati mbili za shehena, yaani karatasi zinazothibitisha mzigo umepokelewa ili usafirishwe. Moja kampuni ya meli inampa yule aliyekodi nafasi, yaani sisi wa tatu. Hiyo ndiyo hati mama. Nyingine sisi tunakupa wewe mwenye mzigo. Tovuti ya kampuni ya meli inaijua hati mama tu. Ukiingiza namba ya hati yako wewe, itakuambia hakuna kitu, nawe utadhani umetapeliwa.

Tiba: omba vitu vitatu kwa maandishi, yaani namba ya hati mama, namba ya kontena (herufi nne na tarakimu saba) na jina la meli pamoja na namba ya safari. Kampuni inayokataa kukupa namba ya kontena siku kumi baada ya meli kuondoka ina jambo. Mara nyingi jambo lenyewe ni kwamba mzigo wako haujapakiwa. Bado uko ghalani China, unasubiri kontena lijae.

Ikiwa namba ipo na kontena linaonekana, tazama jina la meli tena. Meli iliyofika Dar es Salaam huenda si ile iliyopakia. Kontena nyingi za kutoka Asia hushushwa njiani, mathalani Singapore, Colombo, Salalah au Jebel Ali, zikasubiri meli nyingine ya kuzileta huku. Pale kati ndipo zinapoachwa. Meli ya pili ikijaa, kontena lako linasogezwa safari ijayo, na taarifa hiyo hupita kwa watu watatu kabla ya kukufikia, ikikufikia.

Sababu ya tatu: mzigo upo, ila umehamishiwa bandari kavu, yaani yadi ya mizigo iliyo nje ya bandari. Ukienda getini bandarini na karatasi zako utazungushwa siku nzima. Muulize wakala akupe jina la bandari kavu iliyoandikwa kwenye manifesti (orodha ya mizigo ya meli), usikubali "uko bandarini".

"Nimelipa kila kitu, lakini DO haitoki"

DO ni idhini ya kukabidhiwa mzigo, na hutolewa kwa ngazi. Kampuni ya meli humruhusu wakala wetu, kisha wakala wetu anakuruhusu wewe. Ngazi yoyote ikikwama, wewe wa chini ndiye unayekaa kiti cha plastiki ofisini ukisubiri.

Mpigie wakala wa meli mwenyewe, mpe namba ya hati mama, muulize: je, mmeshaiachilia, na kwa nani? Atakujibu moja kati ya majibu matatu.

Akisema "bado, hati halisi hazijarudishwa", tatizo liko China. Huko msafirishaji anatakiwa arudishe hati halisi au aagize teleksi (ujumbe wa kuruhusu mzigo utolewe bila hati halisi), na wengi hawafanyi hivyo mpaka muuzaji wako awalipe gharama za huko. Mbane muuzaji. Kumfokea wakala wa Dar ni kupoteza salio.

Akisema "tumeachilia tangu juzi", basi mzigo umeshikwa na kampuni yako ya kati. Wanaweza kuwa wanadai tozo zao, au deni lako la safari iliyopita. Masharti yaliyo nyuma ya hati, yale ya maandishi madogo ya kijivu yasiyosomwa na mtu, kwa kawaida huwapa haki ya kushikilia mzigo huu kwa deni la ule. Pambana nao kwa mahesabu, na uombe kila tozo iandikwe inakwenda kwa nani.

Akisema "nauli haijalipwa", kaa chini. Wewe ulilipa, lakini ulimlipa mtu wa kati, naye hakuifikisha. Kampuni ya meli haina mkataba nawe, na haitajali risiti yako. Nimeona watu wakilipa nauli mara mbili ili kuokoa mzigo, kisha wakaanza kumdai wa kwanza. Kinga ni moja: kwa mzigo mkubwa, usimalize malipo ya nauli kabla ya kuona hati mama iliyoandikwa kwamba nauli imelipwa.

Hata mkubwa huanguka. Mwisho wa Agosti 2016 kampuni ya meli ya Korea Kusini, Hanjin Shipping, iliomba ulinzi wa mahakama kwa madeni. Meli zake zikaelea nje ya bandari kwa sababu bandari na wapakuaji waliogopa kutolipwa. Ndani yake kulikuwa na mizigo ya watu waliokwisha kulipa wasafirishaji wao wa kati, na wengine hawakuwa hata wakijua mzigo wao uko kwenye meli ya Hanjin. Ndiyo maana nasema ujue jina la mwenye chombo hata kama mkataba wako ni na mtu mwingine.

"Bili ya huku imeshinda nauli ya kutoka China"

Hapa ndipo penye kelele nyingi, na chanzo hakiko mahali pamoja.

Chanzo cha kwanza ni nauli rahisi kupita kiasi. Ukichangia kontena na wenzako, kampuni ya kule inaweza kukutoza nauli ndogo mno, wakati mwingine karibu na bure. Mkusanyaji anajaza kontena kwa bei ya kuvutia, halafu fedha yake inarudi huku kwa jina la tozo za kufungua kontena, tozo za nyaraka, tozo za kushughulikia. Hii hutokea zaidi unaponunua kwa masharti ya CIF (bei yenye bima na nauli hadi bandari ya huku ndani yake), maana muuzaji ndiye anayechagua msafirishaji, na msafirishaji anajua anayekuja kulipa tozo za mwisho hana pa kukimbilia. Bei ya CIF ikiwa nzuri, omba orodha ya tozo zote za Dar es Salaam kwa kila CBM (mita ya ujazo) kabla ya kulipa kianzio. Wakikwambia "utaambiwa mzigo ukifika", nunua kwa FOB (bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini kule, bila nauli), utafute msafirishaji mwenyewe.

Chanzo cha pili ni saa tatu zinazokwenda kwa wakati mmoja. Wafanyabiashara wengi wanaziita zote dimareji, na hapo ndipo mahesabu yanapowapiga chenga. Saa ya kwanza ni ya bandari au bandari kavu: unalipia eneo ambalo mzigo umekalia. Saa ya pili ni ya kampuni ya meli: unalipia kontena lao kukaa limejaa bila kutolewa. Saa ya tatu pia ni ya kampuni ya meli: unalipia kontena lao likiwa nje, kwenye duka au yadi yako, mpaka lirudi tupu. Kampuni nyingine huunganisha ya pili na ya tatu kuanzia siku ya kushushwa. Kila saa ina siku zake za bure, na kwa kampuni ya meli Jumapili na sikukuu kwa kawaida huhesabiwa kama siku nyingine.

Tuseme kampuni inakupa siku 10 za bure, kisha dola 20 kwa siku kwa siku 7 zinazofuata, na baada ya hapo dola 40. Kontena lako la futi 20 limerudi tupu siku ya 26. Siku 7 kwa 20 ni 140, na siku 9 kwa 40 ni 360. Jumla dola 500, na hapo bandari kavu hawajaleta bili yao. Tazama vizuri: siku 9 za mwisho zimekula zaidi ya mara mbili ya zile 7 za mwanzo. Kwa hiyo siku ya kuhangaikia kupita zote ni ile kiwango kinapopanda, na wakala mzuri atakupigia simu siku mbili kabla yake. Andika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya nakala yako ya hati ya shehena. Mimi hufanya hivyo mpaka leo, pamoja na mfumo wa kompyuta tulio nao.

Bili ikija, usibishane na jumla. Omba tarehe nne: ya kushushwa melini, ya kuingia bandari kavu, ya kutoka getini, ya kurudisha kontena tupu. Hiyo ya nne huthibitishwa na karatasi ya makabidhiano ya kontena anayopewa dereva kwenye depo. Madereva huipoteza, au huikunja mfukoni mpaka wino unafutika. Bila karatasi hiyo saa ya tatu haisimami, na amana yako ya kontena hairudi. Pia uliza depo gani kabla lori halijaondoka. Kontena lililopelekwa depo isiyo yake halihesabiki kuwa limerudi.

Kuna bili moja adimu inayowashangaza hata wazoefu: mchango wa hasara ya pamoja baharini. Meli ikipata janga na ikagharimia uokoaji, wenye mizigo yote iliyookolewa huchangia, hata kama katoni zako hazikuguswa na maji. Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, mwenye meli alitangaza utaratibu huo. Waliokuwa na bima waliiachia bima. Wasio na bima walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa mali yao. Ukiambiwa "kampuni yetu ina bima", uliza bima ya nini. Bima ya dhima ya msafirishaji hailindi mzigo wako dhidi ya kitu kama hiki. Unahitaji bima ya mzigo wenyewe.

"Nilituma CBM 12, wamepima 14"

Chukua futi ya kupimia. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12, hivyo 100 ni CBM 12. Ikijazwa nguo mpaka ikavimba sentimita 3 kila upande wa kipimo, inakuwa 63 kwa 53 kwa 43, na 100 zinakuwa CBM 14.36. Hakuna aliyekuibia. Ghala hupima panapojitokeza zaidi, na muuzaji alikupa vipimo vya katoni tupu kutoka kiwandani.

Kwa meli, mzigo wa kuchangia hutozwa kwa CBM au kwa tani, kilicho kikubwa. Nati na misumari vitatozwa kwa uzito. Kwa ndege, sentimita za ujazo hugawanywa kwa 6,000 kupata kilo za kutozwa, kwa hiyo katoni ile ya 0.12 itatozwa kilo 20 hata kama ndani mna soksi za kilo 9. Dai picha ya mzigo ukiwa umepimwa ghalani kule, futi ikionekana. Likija suala la kubishana baada ya kontena kufunguliwa Dar, huna ushahidi tena.

"Forodha wamesimamisha"

Neno hili huficha mambo matano tofauti. Mwambie wakala akutumie picha ya ujumbe uliomo kwenye mfumo, si maelezo yake ya simu.

Kama ni majina na TIN, tafuta herufi iliyokosewa. Hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi lazima ziimbe wimbo mmoja: jina, idadi ya katoni, uzito. Kusahihisha manifesti kunapitia kwa wakala wa meli na kuna gharama, na ni kazi ya siku kadhaa. Kama ni thamani, wanatilia shaka bei uliyoandika. Peleka uthibitisho wa malipo ya benki na mawasiliano na muuzaji. Kama ni maelezo ya bidhaa, "vifaa vya nyumbani" hayatoshi, maana hayamwambii afisa aweke kwenye namba gani ya ushuru. Kama ni cheti cha ubora cha TBS (Shirika la Viwango) au kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), kilitakiwa kuanza kushughulikiwa kabla ya kupakia, na hapa hakuna njia ya mkato, waache wanaokuahidi.

La tano ni la mizigo ya kuchangia: jirani yako kontenani. Mtu mmoja aliyeficha pawabenki katikati ya viatu vya watoto anaweza kusimamisha katoni za watu thelathini. Kwenye ndege ni mbaya zaidi, kwa sababu betri za aina hiyo ni mzigo hatari na zina masharti yake. Waulize wakusanyaji wako kama wanapitisha kila kifurushi kwenye skana kabla ya kukifunga.

Na kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari kwenye kesi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 147, humhesabu wakala kama mwenye mzigo na kumfanya awajibike kwa ushuru. Kifungu cha 148 kinageuka kwako: wewe uliyempa kazi unawajibika kwa matendo na matamko yake. Wakala akishusha thamani ili "kukusaidia", tamko ni lako pia. Kwa hiyo omba nakala ya tamko la forodha kabla halijatumwa, na leseni ya wakala ya mwaka huu. Leseni hizo huisha tarehe 31 Desemba, na Januari ni mwezi wa kuangalia kwa macho mawili.

"Lori limesimama siku ya nne"

Muulize dereva yuko wapi, kisha muulize amekula nini. Sitanii. Kampuni uliyoingia nayo mkataba inaweza kuwa imempa kazi mwenye malori, naye akampa mwenzake, na posho na dizeli vikaishia njiani. Dereva hana ugomvi nawe; ameegesha Makambako anasubiri mafuta. Mkataba wako useme wazi kama kazi inaweza kupewa mtu mwingine, na upewe namba ya lori na ya dereva siku ya kupakia.

Akiwa mizani, ujue sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa jumla, lakini kila ekseli ina kikomo chake. Kontena la marumaru lililopangwa upande mmoja linaweza kuwa ndani ya jumla na bado likazidisha ekseli za nyuma. Tiba ni kupanga upya, na hufanyika kwa jasho kando ya barabara. Akiwa Tunduma, mpakani na Zambia, na mzigo wa Lubumbashi, mara nyingi kinachosubiriwa ni wakala wa ng'ambo ya pili ambaye hajawasilisha nyaraka za Nakonde, upande wa Zambia. Kituo pale ni cha pamoja, ila mawakala ni wawili, na ikiwa mtu wako wa tatu hamjui wa Zambia kwa jina, umepata jibu.

"Katoni zimepungua"

Kabla ya kukata sili (kifungo chenye namba kwenye mlango wa kontena), piga picha namba yake na uilinganishe na hati ya shehena. Namba ikilingana na katoni zimepungua, tazama kule zilikopakiwa. Isipolingana, tazama njiani, ukianza na ukaguzi wa forodha ambao hufungua na kuweka sili mpya yenye kumbukumbu yake. Usisaini "nimepokea vyema" ili dereva awahi. Andika upungufu kwenye karatasi ileile. Kwa uharibifu usioonekana nje, hati nyingi za shehena zinataka utoe taarifa ndani ya siku 3, na madai kamili yafunguliwe ndani ya mwaka 1.

"Hesabu ya ghala hailingani na yangu"

Hii ni ya wale waliotuachia na ghala na usambazaji. Wizi upo, nisiufiche, ila usianze nao. Linganisha kwanza saa ya kufunga hesabu: ninyi mnafunga saa kumi na moja, sisi tunafunga gari la mwisho likirudi. Kisha marejesho ya madukani. Kisha kipimo.

Tuliwahi kuwa na mteja wa sabuni aliyeleta katoni 300. Vitabu vyake vilisema pisi 7,800, mfumo wetu ukasema 7,200. Pisi 600 hewani. Walinzi walihojiwa, kijana wa foklifti akanyimwa zamu, watu wawili wakasusiana mezani. Siku ya tatu mtunza stoo, mama mtu mzima asiyependa kompyuta, alifungua katoni moja kwa kisu cha jikoni na kuanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika 24 hakusimama. Kiwanda kilikuwa kimeanza promosheni ya kuongeza mbili bure, stika yenyewe ilibandikwa upande wa chini wa katoni, na mfumo wetu bado ulijua katoni ni pisi 24. Kijana alirudishiwa zamu mchana ule ule. Katoni ile iliyofunguliwa haikufungwa tena. Pisi zake zilikwenda chooni kwetu, na hadi leo mteja anatudai 26.